Mzee Nusu na Kopo la Vidonge Mia Nne

Wasifu wa marehemu Enoka Wasike, umesomwa Kabazi, Jumamosi tarehe 13 Agosti 1977

Ndugu, majirani, wafanyakazi wa hospitali na wageni mliotoka mbali, mimi ni Nanyama, dada mdogo wa marehemu. Alinibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Kazi hii ya kuandika aliniachia mwenyewe, siku tatu kabla ya kufariki, akaniwekea sharti moja. Alisema, "Nanyama, usinipambe. Soma na ile ya vidonge." Nimekaa matanga mengi, nikasikia wasifu ambamo kila marehemu alikuwa mpole na mkarimu, hata yule tuliyekuwa tukimkwepa njiani. Leo mtanivumilia. Kaka yangu alikuwa mpole na mkarimu kweli, na ukarimu huo ndio uliomponza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1919 huko Chwele, chini ya Mlima Elgon. Baba yetu aliajiriwa na reli mwaka wa 1927 akatuleta Nakuru, tukaishi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja watu sita. Mama akituachia hindi moja la kuchemsha, Enoka alikaa chini akalikata katikati, akapima vile vipande viwili kwa kidole, kisha akanipa kilichozidi. Nikilia kwamba bado ni kidogo, alinibandulia punje za kwake mstari mmoja mmoja. Ndivyo alivyokuwa toka utotoni, wala hakufundishwa na mtu.

Alisoma katika shule ya misheni hapa mjini hadi darasa la nne, akaacha mwaka wa 1935 baba alipovunjika mguu kazini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, kama mtakavyoona nyuma ya karatasi hii, ambako tumechapa sahihi yake.

Mwaka huo huo akaingia machimbo ya mawe nje ya mji, akavunja kokoto kwa miaka mitano. Akirudi jioni nyusi zilikuwa nyeupe kwa vumbi, nasi tukimcheka na kumwita babu. Hatukujua kwamba vumbi lile lilikuwa likiingia mahali ambapo maji ya kuoga hayafiki. Sigara nazo alivuta, nyingi, na asije mtu hapa akasema ni machimbo peke yake.

Mwaka wa 1940 alijiunga na Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika, akapelekwa Burma kama mhudumu wa wagonjwa. Huko, wakiwa watu kumi na wawili msituni na chupa moja tu ya dawa ya malaria, aligawa kila kidonge nusu kwa nusu ili kitoshe. Wote kumi na wawili walirudi nyumbani. Wenzake wakampa jina la Nusu, na jina hilo likapanda naye meli hadi Mombasa, likapanda naye treni hadi Nakuru. Aliajiriwa mwaka wa 1946 kuwa dresa, yaani msaidizi wa kuhudumia wagonjwa, katika hospitali moja ya hapa mjini. Bendeji ikipungua, anaitwa Nusu. Shuka zikikosekana, anaitwa Nusu. Kwa miaka ishirini na mitatu sikuwahi kusikia mtu akisema kugawa kwake kumemdhuru mtu yeyote.

Tarehe 12 Aprili 1947 alifunga ndoa na Salome Nekoye, shemeji yangu aliyeketi hapa mbele. Walipompata Naliaka mwaka uliofuata, katika baridi ya Julai, Enoka alichukua blanketi lake la jeshi akalikata vipande viwili. Kimoja alimfunika mtoto wake, cha pili akampelekea jirani aliyejifungua wiki hiyo hiyo. Salome hajalisahau blanketi hilo. Jana tu aliniambia, "Lilikuwa blanketi zuri, Nanyama. Baada ya hapo halikutosha mtu."

Mwaka wa 1958 alihamishiwa wodi ya vifua. Waliolala huko walikuwa watu ambao mapafu yao yalikwisha kuharibika: waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu ndani, wavunja mawe, wapasua mbao wa Elburgon, akina mama waliopikia kwenye moshi miaka thelathini katika baridi ya Kuresoi. Hawaponi, tena hawafi upesi. Wanapumua kwa mafungu. Enoka aliwajua wote kwa jina na kwa kikohozi. Alisema mtu wa namna hiyo anaweza kuishi miaka mingi, mradi homa ya mafua isimfikie. Ikimfikia, kifua kile hakina pa kurudi nyuma.

Ilifika mwaka wa 1969. Mnaikumbuka homa ile iliyokuwa ikizunguka dunia, iliyolaza mitaa mizima. Daktari wa wodi alikuwa Daktari Ashok, ambaye yuko nasi hapa na amenipa ruhusa kusema. Alipata kutoka kwa mwenzake wa Ulaya kopo la vidonge mia nne, vile vyenye ganda na unga ndani, dawa mpya ya homa ya mafua. Wagonjwa wodini walikuwa kumi na wanane. Jumanne tarehe 24 Juni daktari alimkabidhi Enoka kopo lile na maagizo: kila mgonjwa kidonge asubuhi na kidonge jioni, siku kumi, mwenye homa na asiye na homa, ili iwe tiba kwa mmoja na kinga kwa mwingine. Wameze mbele ya dresa. Asipewe mtu mwingine yeyote.

Sasa nyinyi mnajua saa ya kuona wagonjwa ilivyo kwetu. Mgonjwa haletewi chakula akala peke yake huku watoto wakimtazama. Humega akawapa, hata kama yeye ndiye mwenye njaa. Hilo daktari hakuliandika katika maagizo yake.

Siku ya pili jioni Enoka alimkuta Kimaiyo wa Keringet, mpasua mbao, akitema kidonge kwenye leso. Mkewe Chepkemei alikuwa amekaa kando ya kitanda na mtoto wao Chebet, wa miaka mitatu, macho mekundu, anatetemeka. Walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Bondeni ili mama apate kumpikia mgonjwa.

"Kimaiyo, hiyo ni ya kumeza," Enoka akamwambia.

"Mimi sina homa, dresa. Mtoto ndio ako na homa."

"Amri ya daktari ni wewe."

"Unataka nimeze na huyu akiniangalia?"

Chepkemei naye akasema, "Bwana dresa, gusa huyu mtoto. Anachemka. Hata kidogo tu, tafadhali."

Enoka alimgusa. Kisha akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote. Alirarua karatasi ya daftari, akafungua ganda la kidonge, akamimina unga, akaugawa kwa makali ya kisu. Nusu Kimaiyo alimeza kwa maji. Nusu ikafungwa katika karatasi, ikaenda Bondeni kwa Chebet.

Mkono wa kutoa haujifichi wodini. Kufikia Ijumaa kila mgonjwa alikuwa na mtoto, au mke, au mama mzee anayechemka nyumbani. Wangetema vidonge vyote kwenye leso, na Enoka alijua hivyo. Aliona afadhali mgonjwa ameze nusu kuliko asimeze kabisa. Akagawa kwa wote kumi na wanane, asubuhi na jioni, siku zote kumi. Owuor, aliyekuwa akichochea makaa kwenye injini za treni na ambaye mdomo wake haukujua ugonjwa, alimwambia, "Wewe Nusu, hata Mungu akikuita utaenda nusu, nusu ingine ibakie Salome." Wodi nzima ikacheka hadi ikakohoa.

Tena ilionekana kama amefanya vyema. Wakati wodi nyingine zinatoa maiti, kwake walishikwa na homa wawili tu, na wote wawili wakapata nafuu. Chebet alipona. Nilimwona kaka yangu wiki hiyo akirudi nyumbani anaimba, na huyu si mtu wa kuimba. Alikula, akamwambia Salome, "Mwaka huu tumeishinda."

Jumanne tarehe 22 Julai Kimaiyo aliamka na homa. Kesho yake wakawa watano. Daktari alikuwa ameletewa kopo la pili kwa ndege, na safari hii alisimama mwenyewe hapo. Enoka alitoa vidonge vizima, akafungua kila mdomo, akatazama chini ya kila ulimi. Dawa ilikuwa ile ile, na sasa ilikuwa kamili. Haikufanya kitu. Siku ya tatu homa haikushuka, siku ya tano midomo ilikuwa ya bluu. Kimaiyo alifariki Jumatano tarehe 30 Julai. Owuor alikuwa wa nne, na hakusema neno la kuchekesha siku mbili za mwisho, maana pumzi ya kusemea hakuwa nayo. Kufikia mwisho wa Agosti walikuwa wamekufa kumi na mmoja kati ya kumi na wanane. Enoka aliwaosha wote.

Daktari Ashok alikuwa amepangusa makoo yao kwa pamba na kuipeleka pamba hiyo ng'ambo, ndani ya chupa ya barafu, ikapimwe. Jibu lilikuja Februari 1970. Lilisema homa iliyoingia wodini Julai ilikuwa imekwisha kuizoea dawa. Daktari aliniruhusu nieleze kwa maneno yangu, basi ni hivi: mdudu wa homa akikutana na dawa asife, wale wanaobaki ni wale wasioiogopa, na hao ndio wanaozaana na kuhamia kwa mtu mwingine. Na wale watoto wa mitaa yetu waliolambishwa nusu walikuwa wakiletwa wodini kila jioni kuwasalimu baba zao.

Daktari alimwita Enoka ofisini akamuuliza, "Kuna mgonjwa aliyegawana dawa na mtu?"

"Hakuna, Daktari."

"Una hakika?"

"Walimeza mbele yangu."

Hata uongo wake ulikuwa nusu. Ni kweli walimeza mbele yake. Mimi aliniambia jioni ile ile, amekaa kwenye kigoda changu jikoni, kofia mkononi. Nilimwambia anyamaze, ana watoto watatu. Ushauri huo nilimpa mimi, na ninausema hapa kwa sababu sitaki kumsoma kaka yangu makosa huku nikificha langu.

Tangu siku hiyo Enoka hakugawa tena kitu. Salome ni shahidi. Akiwa na ndizi moja, alikupa ndizi nzima au hakukupa. Watu waliendelea kumwita Nusu kwa mapenzi, naye aliitika, lakini mimi niliyemjua niliona bega lake likishtuka.

Kila Desemba alikwenda Keringet kwa Chepkemei na sukari na majani ya chai. Alikaa, alikunywa chai, alimuuliza Chebet masomo, akarudi na gunia la viazi. Kila mwaka nikimuuliza, "Umemwambia?" ananijibu, "Mwaka huu mtoto alikuwepo," au, "Mwaka huu mvua ilikuwa nyingi." Mtu akikosa sababu, hata mvua humfaa.

Alistaafu Ijumaa tarehe 29 Machi 1974, akahamia hapa Kabazi katika shamba walilopata na Salome mwaka wa 1965. Siku hiyo ya kustaafu alimwambia daktari kila kitu. Alitegemea kukemewa, na nadhani alitaka sana kukemewa. Daktari akamwambia, "Enoka, huenda si wewe. Dawa hii hata ukiitoa kamili, mdudu anaweza kuizoea. Sijui. Hakuna atakayejua." Wengi wangeshukuru kwa jibu hilo. Kaka yangu lilimmaliza. Mtu aliyehukumiwa hutumikia kifungo chake kikaisha, lakini yeye aliambiwa kesi haitasikizwa kamwe.

Kifua chake kilikuwa kimeharibika siku nyingi. Mwaka jana hakuweza kupanda hadi kwenye zizi bila kusimama mara tatu. Jumatatu tarehe 1 Agosti mwaka huu alishikwa na homa ya mafua, akapelekwa wodi ile ile, kitanda cha karibu na mlango. Daktari Ashok alileta vidonge, vya aina ile ile. Hakuna vingine hadi leo. Vilikuwa kumi, vya siku tano.

Enoka alivimeza kama alivyopaswa kuwamezesha wenzake. Kila mara alifungua mdomo na kumwambia Salome, "Angalia chini ya ulimi." Salome alikuwa akilia anamwambia, "Baba Naliaka, nakuamini." Naye anasema, "Usiniamini. Angalia."

Alhamisi aliniita. "Nenda Keringet. Mwambie Chepkemei nilichofanya. Mimi pumzi ya kufika huko sina." Nikamwambia tungoje, dawa itashika, aende mwenyewe Desemba. Nilichelewa siku mbili nikingoja dawa ishike. Niliondoka Jumamosi, nikafika Keringet jioni, nikamkuta Chepkemei anakamua.

Nilimwambia yote, nimesimama, maana sikuweza kukaa. Aliweka ndoo chini.

"Mama, ni mimi niliomba," akasema. "Mimi ndio nilimpatia Chebet nusu ya baba yake. Mimi ndio nilikuwa nampeleka mtoto wodini na kikohozi. Miaka nane nimejua nimemuua Kimaiyo. Dresa akikuja na sukari nasema, huyu anajua, anakuja kuangalia kama nina aibu."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kumwambia. Akasema, "Ningeanzaje? Yeye alikuwa ananyamaza, na mimi nikanyamaza. Kesho naenda na wewe. Nataka nimwambie na mdomo wangu."

Jumapili alfajiri tulipanda lori la maziwa, tukakaa juu ya makopo, baridi inakata masikio. Chepkemei alikuwa amemvika Chebet sare ya shule ili Enoka aone jinsi alivyokua. Njia nzima alikuwa akirudia maneno yake kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya darasa.

Tulifika wodini saa tano na nusu. Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa kimetolewa shuka. Salome alikuwa amekaa juu ya chuma cha kitanda ameshika kikombe cha marehemu. Enoka alikuwa amemeza kidonge cha kumi Jumamosi jioni, akafungua mdomo ukatazamwa, na Jumapili tarehe 7 Agosti 1977, saa moja asubuhi, akafariki. Daktari alituambia dawa haikushika tangu siku ya kwanza. Chepkemei alisimama mbele ya kile kitanda kitupu na kusema, "Dresa, ni mimi nimekuja." Maneno aliyoyabeba kutoka Keringet alirudi nayo.

Marehemu ameacha mjane, Salome Nekoye, watoto watatu, Naliaka, Khaemba na Nasambu, wajukuu saba, na mimi dada yake. Ameacha pia wagonjwa wawili waliosalia kati ya saba waliotoka hai katika wodi ile ya 1969, ambao wameketi pale nyuma karibu na upepo. Na kwa ombi lake mwenyewe nawataja pamoja na familia, Chepkemei na binti yake Chebet. Chepkemei amekuja kutoka Keringet mara ya pili wiki hii. Aliponikuta naandika jana aliniomba niweke sentensi moja, nami naiweka kama alivyoisema: "Andika kwamba niliomba mimi."

Nimeiandika, mama. Kaka yangu aligawa hindi, akagawa blanketi, akagawa dawa ya watu kumi na wanane. Jambo hili moja alilibeba zima miaka minane, na mwenye nusu yake alikuwa ameketi mbele yake anammiminia chai.

Enoka, vidonge umemaliza vyote kumi, tumetazama chini ya ulimi. Lala sasa, na Mungu akupe amani ambayo sisi hatukuweza kukupa.